Step Brothers: kwa nini watu wazima tunaicheka
Ndugu, umeuliza watu wazima tunaona nini kwenye Step Brothers, filamu ya vichekesho ya 2008 kuhusu wanaume wawili wa miaka 39 na 40 ambao bado wanakaa kwa wazazi, na wanakuwa ndugu wa kambo wazazi wao wanapooana. Mimi naipenda mno, na siri yake ni uigizaji. Will Ferrell na John C. Reilly hawaonyeshi hata kidogo kwamba wanachekesha. Dale (Reilly) akimkataza Brennan (Ferrell) kugusa dramu zake, anakataza kwa uchungu wa kweli, kama mtoto wa darasa la pili. Halafu wanajiundia kitanda cha dabodeka, wakiamini ni wazo la maana kabisa! Kinaporomoka, aliyelala chini anafunikwa. Mtazame pia Richard Jenkins, anayeigiza baba yake Dale: hasira zake ni za mzazi aliyechoka kikwelikweli, ndiyo maana upuuzi wao unanoga.