Kwa unayeanza ubingwa wa othodontia, yaani tiba ya kunyoosha meno na taya

Hongera kwa kupata nafasi. Najua mikono inakuwasha kushika koleo na waya. Mimi nilidhani wiki ya kwanza tu nitakuwa nabandika breketi, vile vidude vya kwenye meno vinavyoshika waya. Nilichopewa ni penseli. Tulichora taya kutoka kwenye eksirei ya kichwa iliyopigwa kwa upande, tukapima pembe, tukafuta, tukachora upya. Siku moja mwalimu alichukua mchoro wangu wa Jumatatu na wa Alhamisi, wa picha ile ile, akaulaza mmoja juu ya mwingine na kuuinua dirishani. Mistari ilipishana. "Nani amebadilika hapa," akauliza, "mgonjwa au wewe?"

Kompyuta sasa hupima pembe hizo kwa sekunde chache, lakini chora hivyo hivyo. Usipojua nukta ya kupimia inakaa wapi kwenye mfupa, hutajua programu imekosea wapi. Tena kumbuka kwamba wastani nyingi za vitabuni zilipimwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Midomo iliyojaa si ugonjwa. Mpangilio wa mwaka 1899 wa Edward Angle, daktari wa meno wa Marekani, unaogawa aina za meno yanavyoumana, utaukariri hadi uuote, nao unafaa, ila unatazama magego. Uso utautazama wewe.

Sasa hesabu ambayo hakuna aliyenipigia. Masomo haya kwa kawaida huchukua miaka 2 hadi 4, kutegemea chuo. Mgonjwa wa breketi mara nyingi huhitaji miezi 18 hadi 24, na zaidi akiwa wa upasuaji wa taya. Ukichelewa kuanza wagonjwa wako, utahitimu bila kumwona hata mmoja akivuliwa breketi. Kwa hiyo anza mapema, na ujue kwamba utarithi wa wengine.

Mimi nilirithi msichana mmoja ambaye jalada lake lilikuwa na mistari tisa inayofanana: "Waya umebadilishwa. Arudi baada ya wiki 4." Picha za mwanzo hazikuwemo. Gego dogo la kulia juu lilikuwa limeng'olewa, la kushoto lipo, na sababu haikuandikwa popote. Akaniuliza, "Daktari, haya meno yanaelekea wapi?" Nikajifanya natafuta kioo. Tangu siku hiyo naandika waya gani, raba upande gani, nitafanya nini akirudi, na kwa nini.

Kuna wagonjwa watakaokwambia, "Kaza zaidi, nimalize haraka." Usikubali. Jino husogea kwa sababu mfupa unamumunywa upande mmoja na kujengwa upande wa pili, na mwendo wa milimita 1 hivi kwa mwezi ni mzuri. Ukikandamiza kwa nguvu nyingi, damu haipiti kwenye utando unaoshika mzizi, jino linagoma, na mzizi wenyewe unaweza kufupika. Waya mwembamba na subira, basi.

Breketi iliyokaa vibaya ibandue siku hiyo hiyo. Niliwahi kuiacha moja kwenye chonge, imepotoka kama nusu milimita, nikajiambia nitafidia kwa kukunja waya. Nilikunja kila ziara kwa miezi 7. Kuibandua na kuibandika upya kungenichukua dakika 10, lakini niliona aibu mbele ya msaidizi wangu.

Kuhusu usafi wa meno, piga picha za karibu tangu mwanzo; madoa meupe yakitokea kuzunguka breketi, utajua yalikuwepo au yamekuja mikononi mwako. Na habari ya vifaa vya kuzuia meno yasirudi yalikotoka mwambie mgonjwa kabla hujaanza, maana siku ya kuvuliwa breketi hasikii kitu, anajitazama tu kwenye kioo.

Nilipohitimu nilikabidhi wagonjwa 11. Aliyewapokea alinipigia simu mara moja tu, kuuliza ufunguo wa kabati la modeli za plasta ulikuwa wapi.