Safu ya Maswali ya Lugha: Mkia wa Gauni, Mzabibu na Garimoshi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Mwezi uliopita bibi harusi mmoja aliniletea picha ya gauni yenye maelezo ya Kiingereza, na pale palipotajwa kile kipande kirefu kinachoburuzika nyuma, ambacho sisi mafundi tunakiita mkia, paliandikwa "train". Binti yangu aliye kidato cha pili alicheka, akaniambia kuwa hiyo ni treni, na kwamba neno hilohilo hutumika pia kwa maana ya kumpa mtu mafunzo. Je, haya ni maneno matatu yaliyofanana kwa bahati tu, kama paa la nyumba na paa wa porini, au ni neno moja? (Fundi wa Majengo, Dodoma)

JIBU: Ndugu Fundi, ni neno moja, na gauni la mteja wako liko karibu zaidi na asili yake kuliko treni ya binti yako. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "trahere", yaani kuvuta au kukokota, ambacho kilizaa kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kuburuta, na kutoka huko neno likaingia katika Kiingereza katika karne ya 14. Maana yake ya kwanza kwa Waingereza haikuwa na gurudumu wala kitambaa, bali ilikuwa kuchelewa, yaani jambo linalokokotwa lisiishe, kama nasi tunavyosema kwamba fulani anakokota miguu. Msomaji aliyewahi kulala stesheni akisubiri treni anaruhusiwa kutabasamu hapa.

Baadaye, kufikia karne ya 15, neno likashika vitu vinavyovutwa au kufuata nyuma. Kimojawapo ni hicho kipande cha gauni kinachoburuzika sakafuni. Kingine ni watu: wapambe na watumishi waliomfuata mfalme walikuwa "train" yake, kwa kuwa walimfuata kama mkia. Kutoka hapo ilikuwa rahisi kuita hivyo msururu wowote, uwe wa nyumbu waliobeba mizigo, uwe wa mikokoteni ya jeshi, au hata wa mawazo yanayofuatana kichwani. Kiswahili hapa kina msafara, neno ambalo wenyeji wa Ugogo walilijua vizuri zamani, wakati misafara ya pwani ilipokatiza nchi yao kuelekea Tabora na Ujiji na kutozwa hongo, ambayo enzi hizo ilikuwa ushuru wa kupita na si aibu kama ilivyo leo.

Swali gumu katika barua yako ni la mafunzo, maana kuvuta na kufundisha havionekani kuwa na undugu. Jibu lake utaliona ukienda Hombolo kwenye mashamba ya zabibu. Mkulima huacha chipukizi moja lililonyooka, akalifunga kwa kamba laini kwenye kijiti ili lipande wima, na linapofika kwenye waya hulikata ncha ili litoe matawi mawili, moja alilaze kulia na jingine kushoto. Halilazimishi kwa siku moja, kwa sababu tawi changa likikunjwa kwa nguvu huvunjika. Hulivuta kidogo, akalifunga, akarudi tena baada ya siku kadhaa. Kazi hiyo sisi tunaiita kuongoza mzabibu, na Waingereza wameiita "train" tangu karne ya 15. Ni kuvuta, ila ni kuvuta kwa subira kuelekea umbo linalotakiwa. Kutoka kwenye mmea, katika karne ya 16, neno likahamia kwa watoto, kwa askari na kwa farasi, na ndiyo maana hadi leo Mwingereza anaposema anamfunza kijana kazi, anatumia kitenzi cha bustanini. Kumwelekezea mtu mtutu wa bunduki nako kunaitwa hivyohivyo, na hata zile raba za michezo wenyewe huziita kwa jina lililotokana na mazoezi.

Treni ndiye kitinda mimba katika ukoo huu. Tarehe 27 Septemba 1825, reli ya Stockton na Darlington ilipofunguliwa kaskazini mwa Uingereza, injini ya mvuke ilivuta msururu mrefu wa mabehewa yenye makaa ya mawe na watu, na watu wa enzi hizo wakautaja kama msururu wa mabehewa. Mabehewa yakadondoka katika usemi, msururu ukabaki peke yake, na hiyo ndiyo "train" tuliyoitohoa tukapata treni. Kwa hiyo jina hilo kwa asili halikuwa la injini hata kidogo, lilikuwa la vile vinavyovutwa nyuma yake.

Ukitaka kuwajua ndugu wengine, unao nyumbani. Trekta inayolima mashamba ya Kongwa ni mvutaji kwa Kilatini kilekile. Kandarasi nayo imetoka kwenye neno la Kiingereza lililoundwa kwa kuunganisha "pamoja" na "kuvuta", kwa kuwa watu wawili wanaofunga mkataba wamevutwa pamoja. Kiswahili chenyewe kilifikiri vivyo hivyo bila kuuliza mtu, kikachukua kukokota kikaunda mkokoteni.

SWALI: Tumebishana kijiweni hapa Manyoni. Wenzangu wanasema garimoshi ndicho Kiswahili fasaha, na treni ni uvivu wa kutafsiri. Mimi nasema treni ya umeme haina moshi, hivyo jina hilo limekufa. Nani yuko sahihi? (Msomaji wa Manyoni)

JIBU: Maneno yote mawili ni Kiswahili, na hoja yako ya moshi, ingawa inachekesha vizuri, haitoshi kuliua neno. Garimoshi ni jina lililoundwa kwa macho: Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, na injini za mvuke zilizopita huko kwenu zilionekana kwa moshi kabla ya kuonekana zenyewe. Lakini neno hudumu hata sababu yake inapoondoka. Simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na hakuna anayelikataa kwa kuwa simu yake ya mkononi haina waya. Treni nayo haiko salama kwa hoja hiyo, kwani ile ya umeme ambayo watu wameibatiza mchongoko kwa sababu ya pua yake ina mota chini ya mabehewa yenyewe, kwa hiyo hakuna kichwa kinachovuta wala mkia unaovutwa.

Mimi binafsi huandika treni kwa ile ya umeme, na garimoshi nimeliachia reli ya zamani, ambayo injini yake ya dizeli inapopanda kutoka Kilosa bado hutoa moshi wa kutosha kulistahili jina hilo.