Nimekata kilima, nyumba ya jirani imepasuka. Bima italipa?

SWALI: Shikamoo mama. Najenga nyumba za kupangisha huku Gungu, Kigoma, kwenye mteremko. Tulikata kilima karibu mita tatu tupate usawa. Wiki haijaisha, nyumba ya jirani wa juu, mama mjane, ikapata ufa kutoka msingi hadi kwenye lenta. Mkandarasi wangu ana bima ya dhima kwa umma, ile ya kulipia madhara anayowasababishia watu wengine, ya shilingi milioni 200, lakini kampuni imekataa. Milioni 200 zote hizo zinashindwaje kutengeneza ukuta mmoja?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Bima baadaye. Leo hii mwite mhandisi aseme kama huyo mama anaweza kuendelea kulala humo, na akuelekeze namna ya kuuegemeza huo ukingo na kuhamisha maji ya mvua. Udongo wa mteremko ukilowa haungoji barua ya kampuni.

Sasa hiyo milioni 200. Hicho ni kikomo: mwisho wa pesa ambazo kampuni ingelipa kwa jambo lililomo ndani ya mkataba. Nimekaa dawati la madai miaka 26, na kilichoniumiza zaidi ni watu waliosoma tarakimu wakaruka ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Ufungue huo. Tofali likimwangukia mpita njia, bima hii kwa kawaida inahusika. Lakini kuondoa udongo unaoshikilia jengo la mtu, pamoja na mitetemo ya mashine, mikataba mingi huyatenga mpaka mteja aombe yaongezwe na kuyalipia. Nadhani hapo ndipo walipowakatalia.

Kuna jingine, nalo linakuhusu wewe mwenyewe: jina la nani limeandikwa kwenye hati? Kama ni la mkandarasi peke yake, bima hiyo si yako. Uingereza waligongana na jambo hili kwenye kesi ya Gold na Patman & Fotheringham, mwaka 1958. Kazi ya nguzo za msingi ilidhuru majengo ya jirani bila uzembe wa mkandarasi. Jirani akamdai mwenye mradi, naye akamgeukia mkandarasi kwamba alipaswa kumkatia bima. Mahakama ya Rufaa ikasema mkataba ulimtaka mkandarasi ajikatie bima yeye tu. Baada ya hapo wajenzi wa kule walianza kutumia bima ya pekee kwa madhara ya jirani yasiyotokana na uzembe. Wewe ulipaswa kuiulizia kabla sululu ya kwanza haijagusa kilima.

Mwambie mkandarasi adai barua ya kukataliwa yenye kutaja kifungu. Kifungu hicho kikikosekana kwenye hati yake, apeleke lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Yule mama, hati yenu haimhusu. Haki yake iko kwenu nyinyi mliochimba, kampuni ilipe isilipe. Msiandike kukiri kosa bila idhini ya kampuni, maana mikataba hukataza; lakini kumtafutia chumba cha kulala si kukiri kosa, na ningependa uwe umeshafanya hivyo. Halafu nenda na penseli, umwombe ruhusa, utie alama na tarehe kwenye ncha mbili za ule ufa, upige picha. Rudi kila asubuhi uone kama ufa umezipita hizo alama.