Zamu ya geti asubuhi ya baridi Kapchorwa: jibu kwa mwalimu mgeni

Mwalimu, hongera kwa kituo kipya na pole kwa kipupwe. Kwa wanaoingia sasa kwenye mjadala huu: mwenzetu amehamishwa kutoka Soroti kuja shule ya msingi hapa Kapchorwa, mlimani mashariki mwa Uganda, akapangiwa zamu ya geti muhula wa pili. Anauliza mambo matatu. Avae nini, maana baridi inamtafuna. Afanye nini na watoto wanaofika gizani kabla ya mwalimu yeyote. Na amjibu nini mwalimu mkuu aliyeagiza wanaochelewa wafungiwe nje mpaka paredi, yaani mkusanyiko wa asubuhi, iishe. Hadi sasa wengi wameanza na mavazi, wakamalizia na "utazoea tu". Mimi nimeshika zamu hizi miaka mingi, kwanza upande wa Bukwo, sasa hapa, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite.

Tuanze na baridi yenyewe. Huku si Ulaya, hakuna theluji getini. Mji wetu uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Mbale iko kama 1,150, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Ndiyo maana ukipanda kutoka Mbale, ukishapita Sipi mkono unaanza kutafuta sweta wenyewe. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huchomoza mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja. Baridi ya usiku nayo hufikia kilele karibu na mapambazuko, yaani wakati uleule watoto wako njiani. Ongeza ukungu na manyunyu ya Juni hadi Agosti, ndiyo hali uliyoikuta.

Lakini nyuzi 12 au 13 hazimsumbui sana mtoto anayetembea. Wale wanaoteremka kutoka upande wa Teryet, kule kwenye kituo cha mazoezi cha wanariadha, hufika wanahema na jasho linawatoka. Shida inaanza anaposimama. Nguo ina jasho au umande, upepo unapita, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko wako wewe mtu mzima. Kwa hiyo mimi naona kazi ya mwalimu wa zamu asubuhi ya baridi ni moja: mtoto asisimame nje. Ukilishika hilo, maswali yako mawili ya mwisho yanajijibu.

Wanaofika mapema kwanza. Hawaji mapema kwa kupenda. Mwingine baba yake ni bodaboda, anamteremsha kabla hajaanza kutafuta abiria. Mwingine anafuatana na kaka yake wa darasa la saba ambaye ana masomo ya alfajiri. Ukiwaambia wazazi kwenye mkutano kwamba geti linafunguliwa saa moja, wataitikia "sawa mwalimu", na kesho yake saa kumi na mbili na robo watoto wako palepale ukutani. Usipigane na hilo. Zungumza na askari wa geti, maana yeye yuko hapo usiku kucha. Mkubaliane lifunguliwe darasa moja, lile la karibu na geti, taa iwashwe, na mtoto akifika aingie moja kwa moja akae. Kama mwalimu mkuu anaogopa wizi wa vitabu, chagua darasa lisilo na kabati. Lakini usimwachie askari peke yake watoto wadogo darasani gizani. Mwalimu anayeishi nyumba za shule ashike nusu saa hiyo ya kwanza, kisha siku yake ya zamu ipunguzwe jioni. Sisi tulikubaliana hivyo bila barua wala kikao kirefu.

Usimlazimishe mtoto kuimba au kukariri humo ndani. Wengine wametembea kilomita nyingi, waache wasinzie juu ya dawati.

Sasa geti lenyewe. Huku watoto wengi hutembea na viatu mkononi ili visichafuke tope, kisha wanaosha miguu wakifika. Utawaona wamejipanga kwenye zile ndoo za kunawa tulizobaki nazo tangu shule zilipofunguliwa tena Januari 2022 baada ya Corona. Maji yamelala nje usiku mzima, ni baridi ya kuuma mfupa. Mtoto anajimwagia mpaka magotini, halafu anaingiza mguu wenye maji ndani ya soksi. Hiyo soksi haitakauka mpaka saa sita. Dawa yake ni rahisi: gunia kuukuu safi, likauke jikoni usiku, lining'inizwe karibu na ndoo, na benchi fupi la kukalia. Akaushe mguu kwanza, hasa katikati ya vidole. Gunia likilowa, lete jingine. Nimeshangaa jinsi jambo dogo hivi linavyosahauliwa na shule zinazonunua zulia la ofisi.

Watazame mikono, usitazame sare tu. Mwambie mtoto agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huohuo. Akishindwa, au vidole vinakwenda polepole kama si vyake, mikono imeganda: aingie ndani, avue kilicholowa, aweke mikono kwapani. Usimsugue kwa nguvu na usimpeleke kushika sufuria ya moto, kwa sababu mkono uliokufa ganzi hauhisi kuungua. Mtoto anayetetemeka bado ana nguvu. Wa kukutia wasiwasi ni yule aliyelowa, ameacha kutetemeka, anajibu kwa kukokota maneno. Huyo si wa kuulizwa kwa nini hakuvaa sweta. Mfunike, kisha apelekwe kituo cha afya.

Wako wawili zaidi wa kuwajua kwa majina tangu wiki ya kwanza. Mwenye pumu, kwa sababu hewa baridi inaweza kumbana kifua akiwa amekimbia mlima. Na mwenye selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi. Wenyeji wa huku juu wengi hawaifikirii, lakini tuna watoto wa askari polisi na watumishi waliohamishwa kutoka maeneo ya Lango na Busoga, ambako ugonjwa huo ni mwingi. Baridi inaweza kumwanzishia maumivu ya mifupa yatakayomlaza hospitalini. Mtoto wa namna hiyo haoshi miguu kwenye ndoo, hasimami paredi, na hakuna mjadala. Ongea na mama yake mwenyewe, kwa sababu baba mara nyingi atakwambia "ana malaria tu".

Kuna mwalimu aliyejibu kabla yangu ameshauri muwashe sigiri (jiko la makaa) darasani. Hapana, mwalimu. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na madirisha tunayafunga kwa ajili ya hiyo baridi yenyewe. Watoto wataanza kuumwa kichwa na kusinzia, nawe utadhani wamechoka. Kila mwaka tunasikia familia zilizolala na sigiri zisiamke. Kama kuna kuni na unga, afadhali uji wa saa nne uletwe asubuhi, hata nusu kikombe. Kikombe chenyewe kinapasha mikono. Lakini ugawie darasani, si mlangoni mwa jiko ambako wanasukumana karibu na masufuria.

Barabara nayo. Tangu lami ya kwenda Suam, mpakani na Kenya, ilipofika, magari yanapita kwa kasi, na ukungu ukishuka dereva haoni mtoto mpaka amfikie. Bodaboda mmoja hubeba wanne, wa mbele kabisa juu ya tangi ndiye anayekula upepo wote. Huyo mteremshe wewe, kwa sababu miguu imekufa ganzi na anaweza kuanguka akiruka. Wateremshwe upande wa shule. Waendesha boda wanabisha siku mbili tatu, kisha wanazoea. Vaa rifulekta, ile fulana inayong'aa kwenye taa za gari, hata kama wenzako watakuita trafiki. Mtu mmoja hawezi kuwa barabarani na kwenye ndoo kwa wakati mmoja, kwa hiyo zamu ya kipupwe inahitaji walimu wawili, na mbadilishane sehemu kila mmoja akianza kuganda.

Kuhusu kufungia nje wanaochelewa. Nimewahi kufundisha shule iliyofanya hivyo, jina lake silitaji. Geti lilifungwa kengele ikilia, watoto wakapigishwa magoti kwenye nyasi zenye umande huku sisi ndani tukiimba wimbo wa taifa na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na mkuu akihutubia. Hakuna aliyewahi kuja mapema zaidi kwa sababu ya magoti. Walichojifunza ni kurudi nyumbani wakiona geti limefungwa, na wengine hawakufika nyumbani, walikaa sokoni mpaka saa nane. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni, na sioni jinsi mtu anavyoweza kujitetea kwamba magoti kwenye umande ni kitu kingine.

Ila usimwendee mkuu kwa kumsomea sheria mbele ya walimu. Nenda ofisini peke yako, mchukulie daftari la zamu la wiki mbili. Andika humo jina, saa aliyofika, na sababu aliyoitoa. Utaona ni walewale: anayekamua ng'ombe kwanza, anayechota maji, anayevuka mto ambao ukijaa anazunguka. Mwambie, "Mzee, hawa ni wachache, naomba niwaite wazazi wao." Wakuu wengi wanataka kuonekana wana nidhamu kwa mkaguzi, na daftari lililojazwa linaonekana vizuri kuliko geti lililofungwa. Mwombe pia siku za manyunyu paredi ifanyike madarasani, kila mwalimu na watoto wake. Matangazo ya dakika tano hayahitaji uwanja.

Sasa mavazi yako, maana hapo ndipo wote waliojibu kabla yangu walianzia. Soksi mbili ndani ya gambuti, na gambuti iwe kubwa kidogo; ikibana, mguu unaganda zaidi. Usisimame kwenye saruji, weka kipande cha ubao au boksi lililokunjwa chini ya miguu, utaona tofauti siku hiyohiyo. Kofia ifunike masikio. Ndani vaa nguo nyepesi kadhaa badala ya sweta moja zito, ili saa tatu jua likitoka uvue moja moja. Koti litafute mivumba (mitumba) siku ya soko, nenda mapema kabla wauza chai hawajayachagua. Chukua linalopita makalio, lenye kofia. Jaribu zipu juu mpaka chini kabla hujatoa pesa, na ukiambiwa bei ya kwanza, cheka kidogo uanze kuondoka.