Wachanje wote watatu, paka wasiachwe: jibu kutoka Wete

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama kitoto cha mbwa ulichopewa hapo Chake, pamoja na paka wako wawili, wanahitaji chanjo kweli, maana jirani kakwambia mbwa wa kienyeji ana kinga yake ya kuzaliwa na sindano ni za mbwa wa Wazungu. Mimi nafuga mbwa huku Wete, hapa hapa Pemba. Analinda muhogo na tumbili, na msimu wa karafuu analala karibu na majamvi. Paka nao hawakosekani nyumbani. Jibu langu ni kwamba wachanje wote watatu, na chanjo ya kichaa cha mbwa usiikose kwa hali yoyote.

Hilo la kinga ya kuzaliwa usilishike. Kirusi cha kichaa hupita kwenye mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, na dalili zikishaonekana mnyama hufa, awe wa kienyeji au wa kununuliwa. Binadamu naye takriban hivyo hivyo. Na sisi Wapemba ushahidi tunao wenyewe. Mwaka 2010 kichaa kilikuwa kinazunguka kisiwani kwetu katika minyororo mitano tofauti ya maambukizi. Watafiti waliifuatilia kwa kuulizia nani kang'atwa na mbwa gani, wakasoma na vinasaba vya kirusi chenyewe. Chanjo ya kila mwaka ya kisiwa kizima ilipoanza kufanywa vizuri, minyororo yote mitano ilikatika kufikia Mei 2014. Baadaye kampeni zikakatika. Mwishoni mwa 2016 kirusi kikaingia tena, mara mbili, kikakuta mbwa hawana kinga, kikaenea. Chanjo zikarudishwa kisiwa kizima, na mlipuko ule ukazimwa Oktoba 2018. Muda wote huo mbwa ni wale wale wa kienyeji. Kama wangekuwa na kinga ya kuzaliwa, 2016 isingetokea.

Ndiyo maana naona uchungu mtu akisema "wangu nilimchanja mwaka juzi, yatosha". Ili kichaa kisienee inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa, na mbwa wetu hufa mapema na kuzaa kwa wingi. Ukikaa mwaka mmoja tu bila kampeni, mitaani kuna kundi zima la mbwa wadogo ambao hawajaguswa na sindano.

Kwa kitoto chako: chanjo ya kichaa hupigwa akifikisha miezi mitatu, inarudiwa baada ya mwaka, kisha fuata kadi na anavyosema daktari wa mifugo. Kwetu kampeni ikifika ni bure, nami sikosi kumpeleka wangu. Ikitokea kampeni imekuja mtaani kwenu kabla hajatimiza miezi mitatu, mpeleke vilevile, achanjwe, kisha arudiwe akifikisha umri. Usimfiche ndani kwa kuwa ni mdogo.

Ipo na chanjo ya mchanganyiko, ya pavo na distempa, maradhi mawili ya virusi yanayoua vitoto vya mbwa. Hii haiji na kampeni, utaitafuta kwa daktari wa mifugo na utailipia, lakini kwa kitoto cha mbwa naiona ina thamani ya kila shilingi. Jirani yangu mmoja alipoteza uzao karibu wote kwa pavo. Wanaanza kukataa maziwa, wanatapika, kisha wanaharisha damu yenye harufu ambayo ukishaisikia huisahau, na hapo kinachowaua ni kuishiwa maji mwilini. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna, daktari anachoweza ni kuwatia maji na kuzuia maradhi mengine yasiingie. Na kirusi kinabaki kwenye udongo miezi mingi. Kwa hiyo kama pale unapotaka kumfuga paliwahi kufa vitoto vya mbwa kwa kuharisha damu, usimweke mpaka amalize chanjo, na sakafu ioshwe kwa dawa ya klorini, kwani sabuni peke yake haikiui.

Chanjo hii huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki ya 16. Watu wanaona kurudia rudia huku ni daktari kutafuta pesa. Sivyo. Maziwa ya mwanzo ya mama humpa mtoto kinga ya muda, na kinga hiyo hiyo huifuta chanjo ikipigwa mapema. Hakuna ajuaye kwa kumtazama ni wiki gani kinga ya mama itakwisha, ndiyo maana inarudiwa. Mpe na dawa ya minyoo mapema, na akiwa ana homa au anaharisha ngoja apone kwanza.

Usinunue chupa ya chanjo mkononi mwa mtu. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Iliyoshinda kwenye mfuko juani, hata ikipigwa na fundi, huenda ikawa ni maji tu. Mwangalie anayechanja: kama hana kisanduku cha barafu, mwachie sindano yake.

Kuhusu najisi, najua hutoiuliza hadharani lakini wengi ndiyo inayowazuia. Kumchanja mbwa hakukulazimu umkumbatie. Mzoeze kamba shingoni tangu mdogo, siku hiyo mfunge kwenye mti kwa kamba fupi, vaa glavu, na afisa mifugo anamdunga chini ya ngozi ya shingo kwa sekunde chache. Ukilowa mate yake, unajitwaharisha mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyofundishwa chuo cha Kurani. Na sote tumesomeshwa kisa cha yule aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa.

Paka watu huwasahau kabisa, ilhali kichaa kinawapata wao pia na ndio wanaolala na watoto. Paka mwenye kichaa hujificha uvunguni kisha anatoka na kurarua. Kuwapeleka, tumia foronya ngumu: mwingize, funga mdomo wa foronya, sindano inapita kwenye kitambaa. Nimejaribu kuwabeba mikononi wengine, hawashikiki.

Baada ya sindano yoyote kaa nao karibu kwa nusu saa. Kusinzia siku moja au kauvimbe kadogo si tatizo. Uso ukivimba au akihema kwa shida, mrudishe kwa daktari hapo hapo.

Na mtu aking'atwa, hata kama mbwa kachanjwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, msipake pilipili wala mafuta ya taa, na nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa msimuue, mfungieni na kumwangalia siku 10, na afisa mifugo aarifiwe. Mbwa akidondosha udenda na taya kulegea, usitie mkono mdomoni ukidhani kakwamwa na mfupa. Hiyo ni moja ya dalili za kichaa chenyewe.

Kwa sasa nenda kwa sheha wako umuulize kampeni ijayo ni lini na afisa mifugo wa wilaya anapatikana wapi. Na kama siku moja utaletewa mwengine kutoka Unguja au bara, sisitiza achanjwe huko huko, akae kama mwezi kinga ishike, ndipo apande chombo, na kadi yake aje nayo.