Somo la kwanza la falsafa lianzie wapi?

SWALI: Mhariri, nimeombwa kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha tano utangulizi wa falsafa. Je, nianze na historia ya wanafalsafa? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, majina na tarehe yasubiri kwanza, anza na tatizo moja: kujua ni nini? Jibu lililojadiliwa tangu enzi za Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ni kwamba kujua ni kuamini jambo la kweli kwa sababu za kutosha. Sasa waeleze kisa hiki: Asha ameona kopo la sukari limejaa, akaamini kuwa nyumbani mna sukari, kumbe koponi mna chumvi, ila sukari imo kabatini bila yeye kuiona. Anachoamini ni kweli na sababu anayo, lakini je, alijua? Darasa likigawanyika, mbinu yenyewe itaonekana: kutoa fasili, kutafuta mfano unaoipinga, kisha kuirekebisha au kuitetea. Mwaka 1963 mwanafalsafa wa Marekani, Edmund Gettier, aliitikisa fasili hiyo kwa mifano miwili ya aina hii, katika makala ya kurasa tatu hivi (fupi kuliko mitihani yetu mingi), na mjadala haujafungwa. Usiwape suluhisho mapema. Anayedai kwamba Asha alijua atoe sababu, na mwenzake aijibu sababu hiyo, asimjibu mtu. Socrates, mwalimu wa Plato, anaweza kuja juma la pili.