Jibu la swali la wiki: Calvin Peete alianza gofu ana miaka 23

Swali la wiki hii mmeuliza, mtu ambaye hakuanza mchezo utotoni anaweza kweli kufika juu kabisa au tunadanganyana tu? Mi najibu anaweza, ila sio kwenye kila mchezo na sio kwa njia yoyote ile. Mfano wangu ni mtu mmoja tu, Calvin Peete, mcheza gofu wa Marekani ambaye wengi hamumjui maana Tiger Woods alivyokuja akafunika kila kitu kilichokuwepo kabla yake. Kabla ya Tiger hakuna mchezaji mweusi aliyeshinda mara nyingi kuliko huyu kwenye PGA Tour, yale mashindano makuu ya gofu ya kulipwa Marekani, alibeba mashindano 12, na gofu yenyewe aliigusa kwa mara ya kwanza ana miaka 23, mtu mzima na biashara yake, halafu mkono wa kushoto haunyooki.

Niseme kwanza huo mkono. Alizaliwa Detroit mwaka 1943 kwenye familia ya watoto 19 (naam, 19), akakulia sehemu kubwa Pahokee kule Florida, mji wa mashamba ya mboga, na shule akaiacha mapema akaingia shambani kuchuma maharage. Utotoni alianguka kwenye mti akavunjika kiwiko, haukuungwa vizuri na ukabaki umepinda maisha yake yote. Sasa ukienda kwa mwalimu yeyote wa gofu, siku ya kwanza kabla hata hujapiga mpira atakwambia kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto uwe umenyooka wakati unarudisha fimbo nyuma. Ndo somo la kwanza hilo, na Peete hilo somo hakuwa na uwezo nalo kabisa. Kuna watu wanapenda kusema kile kiwiko ndo kilimsaidia, eti kilimlazimisha kupiga kwa namna ileile kila siku, mi naona hizo ni hadithi za kupamba tu, ulemavu sio zawadi, aliuzungukia kwa mazoezi basi.

Kabla ya gofu alikuwa machinga, tena machinga wa safari ndefu. Alikuwa na gari lake la kubebea mizigo, anapakia nguo na vito na vikorokoro vingine anawafuata vibarua wa mashambani wanaohama na msimu wa mavuno kutoka Florida mpaka juu jimbo la New York, wao wakihama na yeye anahama. Alijipachika hadi almasi kwenye meno ya mbele, nadhani kwa mtu anayeuza vito hilo lilikuwa tangazo la biashara zuri tu, baadae akazitoa. Hiyo biashara ikeni akilini maana nitairudia.

Mwaka 1966 yupo Rochester, hukohuko jimbo la New York, marafiki zake wakamwambia twende sehemu kuna vyakula vya baharini, akapanda gari, kufika anakuta ni kiwanja cha gofu. Hana usafiri wa kurudi, afanyeje, akacheza. Na hapo kabla alikuwa anauona ni mchezo wa kipuuzi. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba kilichomshika zaidi ni pale alipojua Jack Nicklaus, bingwa mkubwa wa gofu wa enzi hizo, analipwa hela nyingi kiasi gani kwa mwaka kwa kukimbizana na kampira keupe, akapiga hesabu kwamba hata nikipata theluthi ya hizo si haba. Mi nampenda hapo. Hakusema nina ndoto, hakusema nina kipaji, ni mfanyabiashara ameona soko.

Akajifundisha mwenyewe. Inasemwa ndani ya miezi sita alikuwa anamaliza raundi (mashimo 18, na mikwaju ikiwa michache ndo vizuri) chini ya mikwaju 80, na kwa wasiocheza niwaambie tu wapo watu wazima na heshima zao, wanachama wa klabu miaka 20, hiyo 80 wanaisikia kwa jirani. Mwaka 1971 akawa mchezaji wa kulipwa, akaenda kwenye mashindano ya mchujo ya kuingia Tour akafeli, akarudi tena, na mwaka 1975 ndo akapata kadi ya kucheza, ameshapita miaka 30. Ushindi wa kwanza ukaja 1979 kule Milwaukee, anakaribia miaka 36. Hebu wekeni huo umri pembeni ya umri wa vijana mnaowasoma kwenye kurasa za michezo za gazeti hili.

Halafu ikaja ile miaka mitano ambayo mi ndo huwa nawasumbua nayo rafiki zangu. 1982 alishinda mara nne kwa mwaka mmoja. 1983 mara mbili. 1984 mara moja, lakini mwaka huohuo akachukua Vardon Trophy, ile tuzo anayopewa mwenye wastani mdogo kabisa wa mikwaju kwa msimu mzima, wastani wake ulikuwa 70.56 na aliyemfuata nyuma kidogo tu ni Nicklaus, yuleyule aliyemfanya apige hesabu ya theluthi. 1985 mara mbili na 1986 mara mbili. Jumlisheni, mashindano 11 ndani ya miaka mitano, kwa mtu aliyetoka miaka 38 kuingia 43.

Kubwa kuliko yote ni Players Championship ya 1985 pale TPC Sawgrass, Florida. Hiki kiwanja mnaweza kuwa mmekiona hata kwenye video fupi fupi za simu, ndo kile chenye shimo la 17 ambalo griini yake (lile eneo lenye shimo lenyewe) imezungukwa na maji pande zote, ukikosea kidogo mpira umezama. Siku ya mwisho watu wanatetemeka, Peete akapiga 66, akamaliza mashindano kwa 274 akimuacha D. A. Weibring mikwaju mitatu, akaondoka na dola 162,000, ana miaka 41.

Sasa siri yake ilikuwa nini, maana hapa ndo jibu langu lilipo. Peete hakuwa na nguvu za kupiga mbali. Kwenye kuusukumia mpira shimoni alikuwa wa kawaida tu. Ila alikuwa na kitu kimoja, mpira wake ulikwenda moja kwa moja. PGA Tour wanahesabu mara ngapi mkwaju wa kwanza unatua kwenye zile nyasi fupi za katikati badala ya majani marefu ya pembeni, na kuanzia 1981 mpaka 1990, miaka 10 mfululizo bila kukatika, namba moja ni Calvin Peete, na kuna misimu alivuka asilimia 80. Kwa raundi moja mashimo ambayo unapiga huo mkwaju mrefu wa kwanza ni kama 14 hivi, kwa hiyo huyu bwana kumi na moja, wakati mwingine kumi na mbili, anaukuta mpira wake umekaa vizuri unamsubiri, siku baada ya siku mwaka baada ya mwaka, na ukipiga kutoka kwenye nyasi fupi unaamua mpira usimame wapi kwenye griini wakati mwenzako yuko kwenye majani anaomba Mungu tu. Kwa hiyo mtu aliyechelewa akitaka kufika na waliowahi asijaribu kujua kila kitu wanachojua wao, hana huo muda. Achague kitu kimoja ambacho kinaweza kubeba mchezo mzima akifanye mpaka wenzie wasimfikie. Peete alichagua unyoofu.

Na mnaweza kuona hata mipaka yake ilivyokaa. Hakushinda hata moja ya yale mashindano makubwa manne ya gofu (Masters, US Open, British Open na PGA Championship), hilo lazima nilitaje nisije nikaonekana nampamba. Ila PGA Championship ya 1982 alimaliza kwenye nafasi ya tatu akifungana na wenzake, na US Open ya 1983 pale Oakmont, kiwanja kinachoadhibu mtu anayepotea pembeni, akamaliza nafasi ya nne vilevile kwa kufungana. Masters kule Augusta ambako enzi zile njia zilikuwa pana, majani marefu hayapo, na kinachohitajika ni nguvu na mkono laini kwenye griini, hakuwahi hata kuingia kumi bora. Augusta yenyewe wala hakuipenda na hakuficha, akiulizwa habari za utamaduni wa Masters alikuwa anajibu kwa kuwakumbusha waandishi kwamba mababu zake walikuwa watumwa. 

Hapo nimefika kwenye kitu ambacho swali lenu limekiruka. Mmeuliza kama aliyechelewa anaweza kufika, hamjauliza kwa nini alichelewa. Peete akiwa mtoto, chama cha PGA cha Marekani kilikuwa na kifungu kwenye katiba yake kwamba wanachama ni wazungu tu, kiliwekwa 1934 kikaondolewa 1961, na hakikuondoka kwa huruma, wachezaji weusi kina Bill Spiller na Ted Rhodes walishaanza kukipinga mpaka kwenda mahakamani tangu 1948 na mwishoni mwanasheria mkuu wa jimbo la California ndo akawabana. Charlie Sifford, mweusi wa kwanza kupewa kadi, aliipata akiwa anakaribia miaka 40, na ushindi wake wa kwanza kwenye Tour, Hartford 1967, ana 45. Yule hakuchelewa kujifunza, alikuwa anajua siku zote, geti ndo lilikuwa limefungwa. Lee Elder ndo mweusi wa kwanza kucheza Masters na hiyo ni 1975, mwaka uleule Peete anapata kadi. Sasa mtoto wa vibarua wa maharage Pahokee miaka ya 50 angeanzia wapi kucheza gofu na miaka saba, kwenye klabu ya nani? Hata huku kwetu wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko ya wenye klabu, kwa hiyo hili sio geni kwetu.

Na hata alipokuwa bingwa tayari bado kulikuwa na kigeti kingine, hiki huwa kinanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Ili mtu achezee Marekani kwenye Ryder Cup dhidi ya Ulaya ilibidi awe amekidhi masharti ya uanachama wa PGA, na mojawapo ni cheti cha kumaliza sekondari. Peete shule aliiacha. Ana kadi, ana vikombe, anawapiga watu wenye digrii kila wiki, lakini cheti hana. Basi akakaa chini na vitabu, mke wake Christine alikuwa mwalimu akamsaidia, na mwaka 1982, mwaka uleule wa kushinda mashindano manne, akafanya mtihani wa watu wazima akafaulu. 1983 akaingia timu ya Ryder Cup nahodha akiwa Nicklaus, Marekani wakashinda kwa pointi 14.5 kwa 13.5, na Peete alishinda mechi yake ya peke yake dhidi ya Brian Waites, kwa hiyo ukiangalia hiyo tofauti ya pointi moja tu, ule mtihani wa sekondari ulikuwa na faida kwa taifa zima. 1985 akaitwa tena, safari hiyo Ulaya wakawafunga kule The Belfry, Uingereza.

Nilisema mkumbuke ile biashara. Wanaosimulia habari za watu kama hawa wanapenda kuacha hela nje, inabaki juhudi na kujituma tu. Peete alikuwa na kipato kabla ya gofu, alikuwa anauza, na mauzo yake hayakumtaka awe ofisini saa mbili asubuhi. Ndo maana aliweza kupiga mipira mpaka mikono inachubuka. Kijana wa miaka 23 anayesoma hapa na ana zamu ya usiku na kodi ya nyumba asijilaumu kwamba hana moyo kama wa Peete, labda moyo anao, kinachokosekana ni saa nne za mchana ambazo hakuna bosi anayemdai.

Baadae mgongo ulimsumbua, akaenda kwenye Tour ya wazee ila huko hakushinda kitu, akagundulika na ugonjwa wa Tourette, ule wa neva unaomfanya mtu afanye miondoko au sauti asizoweza kuzizuia, akawa anausemea wazi ili watu wauelewe, na miaka ya mwisho mwisho akawa anafundisha watoto gofu upande wa Jacksonville. Alifariki Aprili 2015 akiwa na miaka 71.

Ila jibu langu la anaweza lina kiraka, na nisipokisema nitakuwa siwatendei haki. Angekuja leo sina uhakika kama angepata hata kadi. Vifaa vimebadilika, vijana wanapiga mbali kiasi kwamba hata mpira ukilala kwenye majani wanakuwa karibu na griini kumzidi yule aliye katikati nyuma yao, kwa hiyo unyoofu peke yake haulipi kama ulivyolipa 1982. Mtu wa miaka 23 anayeanza sasa hivi akitaka kufuata njia yake atalazimika kwanza kutafuta ni kitu gani kwenye gofu ya leo bado hakina mwenyewe, na mi binafsi nikiangalia wale wa PGA Tour wanaocheza Jumapili, siku ya mwisho ya mashindano, sijakiona.